Kosa la Ngeli Huanzia Ndani ya Msimbo

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba hapo kale tembo alishuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa topeni, akadidimia. Waliomwona wakasema idodomya: amezama. Wageni waliofika baadaye walilisikia neno hilo kwa masikio yao, wakaliandika kwa kalamu zao, na mji ukawa Dodoma. Masimulizi ya asili ya majina huwa na matoleo mengi, na hili nalo halikukosa wapinzani. Hata hivyo, tahajia hiyo ilikwisha kuingia kwenye ramani, kwenye sheria na kwenye mihuri ya ofisi, na leo Mgogo mwenyewe hukata tiketi ya treni ya kwenda Dodoma. Neno likishaandikwa mahali ambapo wengine wanalitegemea, huwa mali ya wote, na kulirudisha nyuma ni kazi kubwa kuliko kuliandika sawasawa siku ya kwanza.

Mji huohuo sasa ndipo inaposimamiwa sehemu kubwa ya mifumo ya kielektroniki ya umma nchini Tanzania. Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, ina makao makuu yake hapa. Wizara zimehamia Mji wa Serikali wa Mtumba. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya sayansi za kompyuta, maarufu kwa kifupi cha CIVE, ambayo kila mwaka hutoa vijana wanaokwenda kuandika mifumo ya halmashauri, hospitali, vyuo na kampuni binafsi. Sentensi moja ya Kiswahili anayoiandika kijana mmoja saa tano usiku, akiwa na haraka ya kukabidhi kazi asubuhi, inaweza kusomwa na mamilioni ya watu kwa miaka kumi. Ni waandishi wachache wa vitabu nchini wenye wasomaji wengi kiasi hicho.

Msimamo wa safu hii ni kwamba kosa dogo la sarufi katika programu ni hitilafu ya programu. Halifanani na vumbi la dirishani linalosubiri mtu mwenye nafasi alifute. Zaidi ya hapo, makosa mengi ya Kiswahili yanayoonekana kwenye skrini hayakufanywa na mfasiri. Yalikwisha kufanywa na msimbo kabla mfasiri hajaitwa, na kwa hiyo hayawezi kuondolewa na mtu wa lugha akiwa peke yake, hata awe bingwa wa namna gani.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima kwanza kutenganisha mahali makosa yanapokaa. Programu ina maandishi ya aina tatu. Kuna majina ya ndani, yaani majina ambayo mwandishi anavipa vitu vyake ili kompyuta na programu nyingine zivitambue. Kuna maelezo na nyaraka za maelekezo, ambayo binadamu huyasoma na kompyuta huyaruka. Halafu kuna ujumbe unaomtokea mtumiaji. Kosa la herufi moja lina gharama tofauti kabisa katika kila mojawapo, na wanaobishana kuhusu kusahihisha makosa madogo mara nyingi hubishana kwa sababu kila mmoja anafikiria mahali pake.

Katika majina ya ndani, kosa hugeuka sheria. Mfano maarufu kuliko yote umo ndani ya kila kivinjari cha intaneti duniani. Katikati ya miaka ya 1990, Phillip Hallam-Baker alipendekeza sehemu ya ujumbe wa wavuti inayoieleza seva kwamba msomaji ametokea ukurasa gani. Aliiita "Referer", akasahau r moja. Inaelezwa kwamba hata programu ya kukagua tahajia iliyotumika wakati ule haikulitambua neno hilo, liandikwe kwa usahihi au kwa makosa, kwa hiyo haikumshtua mtu. Mei 1996 waraka wa RFC 1945, ulioandikwa na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Henrik Frystyk, ukaliingiza neno lile pamoja na kosa lake. Tangu hapo limebaki hivyohivyo hadi RFC 9110 ya mwaka 2022. Kikwazo ni kwamba seva na vivinjari vya dunia nzima vinalitafuta neno hilo kwa tahajia mbovu. Anayelisahihisha peke yake anakuwa amevunja mawasiliano. Cha kusikitisha zaidi, sehemu nyingine ya wavuti iliyobuniwa baadaye, inayoitwa "Referrer-Policy", imeandikwa kwa tahajia sahihi. Sasa mwanafunzi anapaswa kukariri kwamba neno moja lina herufi tatu za r mahali hapa, na nne mahali pale. Kosa moja la miaka ya 1990 limezaa kanuni mbili.

Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo endeshi wa Unix, alipata kuulizwa angebadili nini kama angeuunda upya mfumo huo. Alijibu kwamba angeongeza herufi e mwishoni mwa "creat". Amri hiyo ya kuunda faili ingali bila e yake, zaidi ya nusu karne baadaye.

Fundisho linalotoka hapo ni la muda. Jina la ndani lisahihishwe kabla halijatoka nje ya chumba. Likishatoka, na programu za watu wengine zikaanza kulitegemea, mwenye busara huongeza jina jipya sahihi, akaliacha la zamani lifanye kazi, akatangaza kwamba linastaafu, na akawapa watu muda wa kuhama. Kijana anayeingia kwenye hifadhidata ya halmashauri na kubadili "tarehe_ya_kuzariwa" kuwa "tarehe_ya_kuzaliwa" mchana wa siku ya kazi, bila kuuliza ni mifumo mingapi inalisoma jina hilo, ana nia njema, lakini anaweza kusimamisha utoaji wa huduma. Hapo wanaosema "acha kama lilivyo" wana haki yao, na safu hii inawapa.

Kwenye nyaraka za maelekezo hali inageuka kabisa, kwa sababu kusahihisha hakuvunji chochote. Donald Knuth, mwandishi wa vitabu mashuhuri vya elimu ya kompyuta, amekuwa akitoa zawadi ya dola 2.56 kwa kila msomaji wa kwanza anayegundua kosa katika vitabu vyake, na kosa la tahajia huhesabiwa sawa na kosa la hesabu. Katika mradi wa Linux kuna faili linaloorodhesha makosa ya tahajia yanayojirudia pamoja na masahihisho yake, na zana ya kukagua mabadiliko huwaonya waandishi kabla kazi yao haijapokelewa. Hao ni watu wanaoandika msimbo unaoendesha simu za Android mifukoni mwetu, na wameona inafaa kuorodhesha maneno ya Kiingereza ambayo wahandisi huyakosea. Kiswahili hakina orodha kama hiyo inayotumiwa sana na waandishi wa programu. Linalozuia si ugumu wa kazi. Hakuna aliyepewa jukumu hilo.

Aina ya tatu, yaani ujumbe unaomtokea mtumiaji, ndiyo nzito, na ndiyo inayotuhusu zaidi sisi Waswahili.

Mifumo mingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, hata ile inayotungwa Dodoma na vijana waliokua wakiota kwa Kiswahili. Katika Kiingereza, sifa haibadiliki kwa kufuata jina. Neno lake la "mpya" hubaki lilelile liwe la mteja, ombi, kitambulisho au majina. Kwa hiyo mwandishi wa programu huona ni werevu kuandika kiolezo kimoja, [kitu] + "mpya", na kuiachia kompyuta ijaze nafasi. Kiolezo hicho kikifika kwenye Kiswahili kinatoa mteja mpya, jambo ambalo ni sawa, kisha ombi mpya, kitambulisho mpya na majina mpya. Mtoto wa darasa la pili pale Chamwino anajua kwamba ni ombi jipya, kitambulisho kipya na majina mapya. Mfasiri naye anajua. Lakini mfasiri alipewa neno moja tu, peke yake, ndani ya jedwali, na kisanduku kimoja cha kujaza. Aandike nini? Aandike mpya, jipya au kipya, atapatia mahali pamoja na kukosea mahali pengine kumi.

Ukanda huu wa kati ni nchi ya mifugo, basi na mfano utoke zizini. Chukulia mfumo wa kusajili mifugo ya Kongwa, hasa sasa ambapo wanyama huvalishwa hereni za kielektroniki. Mwandishi wake anaweka sentensi "[mnyama] imesajiliwa". Ng'ombe imesajiliwa, mbuzi imesajiliwa, kondoo imesajiliwa. Kila mfugaji anayesoma ujumbe huo anasikia kana kwamba ng'ombe wake amegeuzwa meza. Kiswahili kinawatambua viumbe wenye uhai: ng'ombe amesajiliwa, ng'ombe wamesajiliwa, na hata kifaranga, pamoja na ki- yake ya mwanzo, amesajiliwa, si kimesajiliwa. Mfumo huohuo ukitumika pia kusajili josho, kisima na shamba, kitenzi kitadai sura nyingine: josho limesajiliwa, kisima kimesajiliwa, shamba limesajiliwa. Hakuna tafsiri moja ya kitenzi kile inayoweza kuwatosha wote, kwa sababu ngeli haikai ndani ya kitenzi. Inatoka kwenye jina, na jina limefichwa ndani ya mabano ambayo mfasiri hayaoni.

Idadi nayo ina mtego wake. Zana ya gettext, inayotumika sana katika programu huria, pamoja na viwango vya Unicode, humpa mfasiri wa Kiswahili nafasi mbili: moja ya kitu kimoja, nyingine ya idadi nyingine zote. Kwa "gunia 1 limepokelewa" na "magunia 12 yamepokelewa" pale sokoni Kibaigwa, nafasi hizo zinatosha. Ila waandishi wengi hawazitumii. Huandika "magunia [idadi] yamepokelewa", na mkulima aliyeleta gunia moja husoma "magunia 1 yamepokelewa". Stakabadhi zinazoandika tarakimu kwa maneno zina ugumu wa ziada. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli: magunia mawili, watu wanane, visima vitano. Sita, saba, tisa na kumi havibadiliki. Kanuni hii haina utata wowote, na inaandikika kwa mistari michache ya msimbo, lakini ni lazima aliyekaa kwenye kiti cha kuandika awe ameambiwa kwamba ipo.

Halafu kuna maneno yaliyotupwa bila muktadha. Neno moja la Kiingereza kwenye kitufe linaweza kuwa amri, hali au jina: fungua au wazi, agiza au mpangilio, tazama au mwonekano. Mfasiri aliyeko mbali, aliyepewa jedwali la maneno 3,000 na siku nne za kuyamaliza, hukisia. Ndiyo maana mtu hukuta kitufe kilichoandikwa "Wazi" na kubaki akijiuliza ni nini kilicho wazi.

Tanzania si ngeni katika kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowaweka pamoja wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maandishi ya Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Microsoft nayo ikafuata na Kiswahili chake, na mwaka 2009 Facebook ikaongeza lugha hii. Leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili inayobeba alama ya sw_TZ. Nje ya nchi, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kujenga SALAMA, mfumo wa kompyuta unaochambua neno la Kiswahili hadi kwenye viambishi vyake. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima kwa sababu orodha ya maneno haitoshi kukagua lugha ambayo kitenzi kimoja huzaa maelfu ya sura: limefutwa, halijafutwa, litakapofutwa, lisingefutwa. Msingi upo, na kilichojengwa juu yake ni kidogo.

Sababu mojawapo ni kwamba mjadala wetu umekwama kwenye msamiati. Kongamano likiitishwa, ukumbi hujaa mabishano ya kompyuta na tarakilishi, nywila na nenosiri, kivinjari na kisakuzi. Maneno yana umuhimu wake, na "kishikwambi" limethibitisha kwamba umma hupokea neno jipya likiletwa na kifaa chenyewe mkononi, kama lilivyoletwa na makarani wa Sensa ya Agosti 2022. Lakini mtumiaji anaweza kuvumilia neno asilolizoea. Sentensi iliyovunjika mgongo humsumbua zaidi, na juu ya hiyo hakuna kongamano.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ile isemayo kwamba watu wanaelewa tu. Katika mazungumzo ya sokoni Majengo, kweli wanaelewana, kwa sababu kuna uso, kidole na nafasi ya kuuliza tena. Skrini haiulizwi. Na Kiswahili hubeba maana nzito kwenye herufi moja. "Umelipa shilingi 50,000" na "Umelipwa shilingi 50,000" zinatofautiana kwa w peke yake, nayo ndiyo inayoamua pesa imetoka au imeingia. Hatari zaidi ni h. Katika matamshi ya watu wengi h ya mwanzo hupotea, na anayeandika kama anavyotamka huiacha. Sasa msomaji atazame sentensi hizi mbili: "Hutaweza kubadili taarifa baada ya kuwasilisha" na "Utaweza kubadili taarifa baada ya kuwasilisha". Mwombaji wa ajira aliyeisoma ya pili, akawasilisha fomu yenye mwaka wa kuzaliwa uliokosewa kwa imani kwamba atarudi kuurekebisha, amepoteza nafasi kwa herufi ambayo kikagua tahajia chochote hakiwezi kuiona, kwa kuwa "utaweza" ni neno halali.

Makosa ya kutenganisha na kuunganisha maneno nayo yana madhara yasiyoonekana haraka. "Haija thibitishwa", "ume jaza", "kwasababu", "iliuweze": macho ya binadamu huruka na kuendelea, lakini sanduku la kutafutia haliruki. Mtumishi wa halmashauri aliyekwama, akaandika "haijathibitishwa" kwenye kitabu cha maelekezo cha kielektroniki, ataambiwa hakuna kilichopatikana, wakati jibu lake limo ukurasa wa saba likiwa limekatwa vipande viwili. Vivyo hivyo na l na r kwa watu ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi sauti hizo. Dodoma imekusanya watumishi kutoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja huja na sikio la kwao. Hilo si la kuchekwa. Ni la kutengewa kikagua.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Watanzania wamefundishana kuwatambua matapeli wa simu kwa Kiswahili chao. Ujumbe wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii" umewafanya watu kuwa wakali wa macho, na wengi wanajua kuripoti namba hizo kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Sentensi iliyokaa vibaya, jina la taasisi lililokosewa, nafasi mahali isipostahili: hizo ni dalili ambazo mama wa Hombolo anayeuza zabibu huzitumia kujilinda. Mfumo halali unapomtumia ujumbe wenye makosa yaleyale, unamnyang'anya kinga yake. Ama ataupuuza ujumbe wa kweli, au atazoea makosa na siku moja ataamini wa uongo.

Hoja ya pili ya wapinzani ina uzito zaidi: kwamba marekebisho madogo ni njia ya wavivu kujipatia sifa. Mwaka 2020 tamasha la Hacktoberfest, linaloandaliwa na DigitalOcean na ambalo liliwapa fulana walioleta michango minne kwenye programu huria, lilivamiwa na watu waliobadili neno moja au kuongeza kivumishi kisicho na kazi kwenye nyaraka za miradi ya wengine. Wasimamizi walilemewa kiasi kwamba waandaaji walibadili kanuni mwanzoni mwa Oktoba hiyohiyo, na mradi ukawa hauhesabiwi mpaka wenyewe uridhie kushiriki. Kisa hicho hutajwa kama ushahidi dhidi ya masahihisho madogo. Kikitazamwa vizuri kinathibitisha kinyume chake. Wengi wa wale hawakusahihisha chochote, walichafua. Sahihisho la kweli hujulikana kwa sababu huweza kueleza kanuni iliyovunjwa na mahali ilipovunjwa.

Hoja ya tatu, kwamba mashine za kutafsiri zitamaliza tatizo lenyewe, haihitaji maneno mengi. Mashine iliyopewa "[kitu] mpya" iko gizani sawa na mfasiri aliyepewa "[kitu] mpya".

Basi kifanyike nini? Dawa ya kwanza iko mikononi mwa mwandishi wa programu, nayo ni kuacha kuunganisha sentensi kwa vipande. Kila ujumbe uandikwe mzima. Kama kuna vitu sita vinavyosajiliwa, ziandikwe sentensi sita. Gharama yake ni dakika kumi. Pale ambapo vitu ni vingi mno, viwango vya Unicode vinaruhusu ujumbe mmoja kubeba matawi kulingana na aina ya kitu, na aina hiyo inaweza kuwa ngeli yake: tawi la viumbe hai, tawi la ki-vi, tawi la li-ya, na kuendelea. Na pale ambapo hata hilo haliwezekani, sentensi ipangwe upya ili kitenzi kisimfuate mgeni asiyejulikana. Badala ya "[mnyama] imesajiliwa" iandikwe "Usajili umekamilika: [mnyama]". Badala ya "maombi [idadi] yamekubaliwa" iandikwe "Idadi ya maombi yaliyokubaliwa: [idadi]". Hapo upatanisho unafungwa na neno linalojulikana, na sarufi inabaki salama hata kama idadi ni 1 au sifuri.

Ya pili ni kumpa mfasiri macho. Kila neno linalokwenda kutafsiriwa liambatane na maelezo mafupi ya mahali linapotokea, na ikiwezekana picha ya skrini. Afadhali zaidi, Kiswahili kiwe lugha ya kuanzia. Mfumo wa kijiji cha Bahi kutungwa kwa Kiingereza, kisha kutafsiriwa, kisha kutumiwa na watu ambao hakuna hata mmoja aliyeona ile asili ya Kiingereza, ni mzunguko usio na faida. Bunge, katika mji huuhuu, lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hukumu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kitufe cha kuifungua nacho kinaweza.

Ya tatu ni ya taasisi. Kitabu cha hadithi kinachoandikwa kwa ajili ya shule hupelekwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kupata ithibati ya lugha. Utaratibu wa kusoma miswada kabla ya kuchapwa ni wa zamani. Ulikuwa miongoni mwa kazi za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1930. Kitabu hicho huenda kikachapwa nakala elfu chache. Mfumo wa malipo unaosomwa na nchi nzima haupitiwi na jicho la mtu yeyote wa lugha kwa lazima. Safu hii inapendekeza kwamba orodha ya ujumbe wa kila mfumo wa umma, ambayo kwa kawaida haizidi kurasa chache, ipitiwe na mtaalamu wa lugha aliyeketi bega kwa bega na mwandishi wa msimbo, kabla mfumo haujawashwa. Waketi pamoja kwa sababu mmoja anajua kwamba sentensi ni mbovu, na mwingine anajua kwa nini haiwezi kunyooka bila kubadili kiolezo.

Na CIVE ina wanafunzi wanaotafuta mada za miradi ya mwaka wa mwisho. Orodha huria ya makosa ya Kiswahili yanayojirudia kwenye programu, pamoja na kikagua kidogo kinachopiga kelele kikiona "haija", "kwasababu" au kitenzi cha i- kikifuata mabano ya jina, ni mradi unaoweza kukamilika kwa mwaka mmoja. Hautasahihisha kila kitu, wala hautaiona h iliyodondoka kwenye "hutaweza". Utayapunguza yale ya kila siku, ili macho ya binadamu yabaki na kazi inayohitaji binadamu. Anayesahihisha naye azingatie adabu ya kazi: badiliko la lugha lisichanganywe na badiliko la utendaji katika kifurushi kimoja, maana jambo likiharibika hakuna atakayejua lipi limeliharibu, na jina lililokwisha kutoka nje liguswe kwa utaratibu uliotajwa juu, au liachwe.

Msomaji asiyeandika programu naye ana sehemu yake. Mara nyingi anayeona ujumbe mbovu humalizia kwa kuupiga picha na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp ili watu wacheke. Picha hiyohiyo inaweza kutumwa kwenye dawati la msaada la mfumo husika, ikiwa na mambo matatu: ukurasa ulipotokea, sentensi ilivyosomeka, na sentensi inavyotakiwa kusomeka. Hilo la tatu ndilo linalokosekana karibu kila mara, na ndilo analolihitaji kijana yule wa saa tano usiku. Basi msomaji aliyekuta "ombi imepokelewa" aandike "ombi limepokelewa", aitume, na baada ya wiki mbili arudi kwenye ukurasa ule kuangalia kama li- imewekwa.